Diski Mbili Zimekufa kwenye NAS: Namna ya Kuokoa Faili Bila Kuua Zilizobaki

Soma hadi mwisho kabla hujagusa chochote. Safu ya diski inapoanguka, mara nyingi data karibu yote bado imo ndani ya diski hizo. Inayoipoteza ni mikono ya watu katika saa chache zinazofuata: mmoja anabofya "Repair" mara tatu, mwingine anafomati "aone itakuwaje", mwingine anachomoa diski zote bila kukumbuka ipi ilikaa wapi. Ndiyo maana mwongozo huu una sharti moja tu lisilo na mjadala: diski za asili haziandikwi hata baiti moja. Kazi yote inafanywa juu ya nakala.

Tutumie mfano unaopatikana kwenye ofisi nyingi: NAS (kisanduku cha diski kinachohifadhi faili za ofisi kupitia mtandao) ya Synology yenye nafasi nne, diski nne za TB 4, zimeunganishwa kwa RAID 5, mfumo wa kuzifanya diski kadhaa kuwa safu moja. Studio ya picha za harusi, ofisi ya uhasibu, kampuni ya michoro ya majengo, wote wanazo. Umeme umekatika na kurudi kwa kishindo mara mbili, kifaa kinalia, taa mbili ni nyekundu, na folda ya pamoja haionekani tena kwenye mtandao.

Tambua kwanza kilichokufa

RAID 5 hugawa data vipande vipande na kuvisambaza kwenye diski zote, pamoja na kipande cha hesabu kiitwacho pariti. Ukiwa na vipande vitatu kati ya vinne, cha nne kinakokotolewa. Kwa hiyo safu inavumilia kufa kwa diski moja, ila ya pili ikiondoka inasimama. RAID 6 inavumilia mbili. RAID 1 ni nakala mbili za kitu kilekile, na kuiokoa ni rahisi kuliko zote. RAID 0 haina uvumilivu wowote: diski moja ikifa kabisa, faili karibu zote zenye ukubwa wa maana zimekwenda nayo.

Hali ya kwanza: kisanduku ndicho kilichokufa, diski ni nzima. Chaja imeungua au ubao umekufa. Jaribu chaja nyingine yenye volti sawa na ampea zisizopungua. Ikishindikana, diski za Synology unaweza kuzihamishia kwenye Synology nyingine inayokubali uhamisho kutoka modeli yako, kwa mpangilio uleule, na kuchagua kuhamisha badala ya kusakinisha upya. Skrini ikikuambia kwamba data zote zitafutwa, simama hapohapo.

Hali ya pili: diski moja imekufa na faili bado zinaonekana. Wengi wanakimbilia kuchomeka diski mpya ili safu ijijenge upya. Mimi nasema nakili kwanza faili muhimu kwenda nje, ndipo ujenge. Kujenga upya kunasoma kila sekta ya diski tatu zilizobaki, yaani TB 12 kwa mfano wetu, na diski hizo kwa kawaida zilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa na zimefanya kazi ileile kwa miaka ileile. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huandika kikomo cha kosa moja la kusoma kwa kila biti 10^14, ambazo ni kama TB 12.5. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko kikomo hicho, lakini si hesabu ya kuchezea ukiwa huna bekapu.

Hali ya tatu ndiyo mada yetu: diski mbili zimetoka, safu imesimama, hakuna kinachoonekana.

Ipo na ya nne, diski nzima lakini faili hazipo. Mwezi Juni 2021 wamiliki wa WD My Book Live duniani kote waliamka na kukuta vifaa vyao vimerudishwa katika hali ya kiwandani na wavamizi kupitia intaneti. Mwaka huohuo, Aprili, kirusi cha Qlocker kilifungia faili za watumiaji wa QNAP ndani ya faili zilizobanwa za 7-Zip zenye nywila. Hapo chomoa kebo ya mtandao mara moja, kisha angalia snapshoti (nakala za hali ya faili zilizotunzwa na NAS yenyewe) na folda ya taka (#recycle kwa Synology, @Recycle kwa QNAP). Kama hazikusaidia, fuata hatua zilezile za kunakili zilizo hapa chini.

Zima, andika namba, toa

Zima NAS kwa utaratibu. Kama diski inatoa mlio wa tik-tik-tik au mkwaruzo, usisubiri utaratibu: bonyeza kitufe cha nguvu mpaka izime, na diski hiyo isiwashwe tena. Kila mzunguko wake unaweza kukwangua data.

Bandika karatasi kwenye kila diski kabla ya kuitoa: 1, 2, 3, 4 kuanzia kushoto. Andika pia namba yake ya kiwandani kwenye daftari, kwa sababu Linux itazipa majina kama sdb na sdc ambayo hubadilika kila ukiwasha kompyuta. Piga picha ya kifaa kizima. Leo unaweza kuona ni kazi bure, ila kumbukumbu za safu (taarifa za muundo wake zilizoandikwa ndani ya kila diski) zikiharibika, mpangilio huo ndio utakaobaki kukuongoza.

Vifaa vya kazi

Unahitaji kompyuta ya mezani yenye nafasi za SATA, flashi yenye Ubuntu ya kuwashia bila kusakinisha, na mahali pa kuweka nakala. Diski nne za TB 4 zinataka TB 16 za nakala, na juu yake nafasi ya faili zitakazookolewa. Ni ghali, na hapa ndipo watu wanapotaka kukata kona. Ukibanwa na fedha, nakili diski zote zinazoyumba, na zile ambazo SMART (ripoti ya afya inayotunzwa na diski yenyewe) inaonyesha ni safi zisomwe moja kwa moja zikiwa zimefungwa zisiandikwe. Sikushauri, ila ni afadhali kuliko kutonakili kabisa. Diski ya kupokea nakala iwe na mfumo wa faili wa ext4 au XFS, na amri za hapa chini zinachukulia kwamba umeiunganisha (kumaunti) kwenye /mnt/hifadhi. FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4.

Epuka vidoki vya bei rahisi vya USB. Baadhi hubadilisha ukubwa wa sekta kutoka 512 kwenda 4096, na ghafla unaona diski haina jedwali la pati (sehemu ilizogawanywa) wakati ni nzima. Na usizichomeke diski hizi kwenye Windows ukiwa umechoka: itakuuliza kama uzianzishe, na kidole kitabofya "OK" chenyewe.

Ukishawasha Ubuntu, fungua terminali na ufunge kila diski ya asili isiandikwe:

sudo -i
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL
blockdev --setro /dev/sdb

Rudia amri ya mwisho kwa kila diski. Usisakinishe mdadm, programu ya Linux ya kusimamia safu za RAID, kwa sasa, maana ikishaingia inaweza kuanza kuunganisha safu yenyewe bila kukuuliza.

Iulize diski hali yake

apt update
apt install smartmontools gddrescue
smartctl -a /dev/sdb

Mistari ya kutazama ni michache. Namba 5 ni sekta zilizohamishwa, 197 ni sekta zinazosubiri hukumu, 198 ni zilizoshindikana kabisa, 187 ni makosa yaliyoripotiwa. Sifuri kote ni habari njema. Namba 197 ikiwa na mamia, diski hiyo inakufa na ndiyo ya kuhudumia kwa uangalifu mkubwa. Namba 199 ikiwa kubwa huku nyingine zikiwa sifuri, mtuhumiwa ni kebo au kiunganishi, na diski yenyewe huenda ni nzima. Hili hutokea sana: NAS inaitoa diski nzima kwenye safu kwa sababu ya vumbi na kutu kwenye nafasi yake. Usiendeshe jaribio refu la SMART kwenye diski inayoyumba, utakuwa unaimaliza nguvu bila kupata chochote.

Nakala ya sekta kwa sekta

Programu ni GNU ddrescue. Kwenye Ubuntu pakiti inaitwa gddrescue lakini amri ni ddrescue. Uzuri wake ni kwamba inachukua kwanza maeneo mazima kwa kasi, inaruka mabovu, kisha inayarudia baadaye, na kila hatua inaiandika kwenye faili ya ramani. Umeme ukikatika, unaendelea ulipoishia.

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/hifadhi/d1.img /mnt/hifadhi/d1.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/hifadhi/d1.img /mnt/hifadhi/d1.map

Amri ya kwanza haihangaiki na sekta sugu. Ya pili inarudi kuzisaka, mara tatu. Chanzo kinaandikwa kwanza, mpokeaji baadaye. Ukigeuza mpangilio huo na diski hukuifunga, kazi imeisha, kwa hiyo soma amri kwa sauti kabla ya kubonyeza Enter. Linganisha namba ya kiwandani na daftari lako.

Diski ya TB 4 inayosomeka kwa MB 150 kwa sekunde inachukua kama saa saba na nusu. Inayoumwa inaweza kuchukua siku kadhaa. Weka feni mbele yake, nenda kalale. Kasi ikishuka hadi KB chache kwa muda mrefu, isimamishe, ipumzishe, endelea. Ukisikia mlio wa tik-tik, zima kabisa.

Una RAID 5 na diski tatu zimenakilika kwa ukamilifu? Huenda ya nne huihitaji. Lakini usiamue sasa, kwa sababu "nzima" na "ya kisasa" ni mambo mawili tofauti, kama utakavyoona.

Kusoma historia ya safu

Nakala zikishakamilika, chomoa diski za asili zote na uziweke mbali. Sasa sakinisha mdadm, kisha zifungue nakala kama diski za kusoma tu:

apt install mdadm lvm2
losetup -r -P -f --show /mnt/hifadhi/d1.img

Itakupa jina, tuseme /dev/loop20. Rudia kwa nyingine upate loop21, 22 na 23. Angalia cat /proc/mdstat. Kama kuna safu imejiunganisha, isimamishe kwa mdadm --stop na jina lake.

Diski ya Synology ina pati ya mfumo, pati ya swapu, halafu pati ya data, ambayo kwa RAID ya kawaida ni ya 3 na kwa SHR (RAID ya Synology yenyewe) ni ya 5. SHR yenye diski za ukubwa tofauti huwa na pati za data zaidi ya moja, na zote lazima ziunganishwe. Iulize kila moja:

mdadm --examine /dev/loop20p3

Hapa usiharakishe. Mstari wa Device Role unasema diski hii ilikuwa ya ngapi. Chunk Size ni ukubwa wa kipande, ambao kwa Synology ni 64K. Data Offset inaonyesha data inaanzia wapi. Nakili yote kwenye daftari. Mistari miwili inayobeba siri ni Update Time na Events. Events ni hesabu inayopanda kila safu inapobadilika, na diski iliyotolewa kwenye safu hubaki na hesabu ya siku iliyotolewa.

Tuseme umepata hivi: diski 1 ina Events 48210 na tarehe ya Machi, diski 2 na 3 zina 51377 na tarehe ya juzi, diski 4 ina 51369, juzi hiyohiyo, dakika chache kabla. Hadithi yote imo humo. Diski 1 ilitoka mwezi Machi, hakuna aliyeona barua pepe ya tahadhari wala taa, na safu ikaendelea kufanya kazi na tatu. Juzi diski 4 ikayumba umeme uliporudi, safu ikasimama. Unazihitaji 2, 3 na 4. Tofauti ya hesabu nane ni ndogo na madhara yake, kama yapo, yataangukia faili zilizokuwa zikiandikwa dakika hizo.

Diski 1, hata kama SMART yake inang'aa, usiitumie. Ukiichanganya na 2 na 3 utapata safu inayowaka, folda zinazoonekana, na faili zilizoshonwa kwa vipande vya Machi na vya juzi. Mafundi wengi hujikwaa hapa: wanachagua diski kwa afya yake na kusahau umri wa data iliyomo.

Kuunganisha juu ya tabaka

Kuilazimisha safu ikubali diski yenye Events pungufu kunahitaji kuandika kidogo kwenye kumbukumbu zake. Hata nakala hatutaki kuichafua, kwani kuirudia ni saa nyingine nyingi. Kwa hiyo tunaweka tabaka juu yake: kila kinachoandikwa kinaangukia faili ya pembeni, nakala inabaki ilivyo.

truncate -s 50G /mnt/hifadhi/juu2
losetup -f --show /mnt/hifadhi/juu2

Faili hiyo haili nafasi mpaka iandikwe. Tuseme imepata loop31:

dmsetup create d2 --table "0 $(blockdev --getsz /dev/loop21p3) snapshot /dev/loop21p3 /dev/loop31 P 8"

Fanya hivyo kwa d3 na d4, kila moja na faili yake. Kisha:

mdadm --assemble --force --run /dev/md50 /dev/mapper/d2 /dev/mapper/d3 /dev/mapper/d4
cat /proc/mdstat

Ukiona [4/3] [_UUU], safu imesimama ikiwa pungufu, na ndivyo tunavyotaka. Usiiongezee diski ya nne.

Mtandaoni utakutana na ushauri wa kutumia mdadm --create kwa diski zilezile. Ukatae. Amri hiyo inaandika kumbukumbu mpya juu ya za zamani, na mdadm ya sasa hutumia kipande cha 512K usipoitajia kingine, wakati safu yako ni ya 64K. Mwanzo wa data nao unaweza kuhama. Inabaki kuwa njia ya mwisho kabisa, kumbukumbu zikiwa zimefutika, juu ya tabaka tu, pamoja na --assume-clean na zile namba ulizoandika kwenye daftari.

Kufungua faili

vgchange -ay
lvs
mkdir /mnt/faili
mount -o ro /dev/vg1000/lv /mnt/faili

Jina vg1000/lv ni la SHR. RAID ya kawaida huwa na vg1/volume_1, na kama lvs haionyeshi kitu, jaribu kumaunti /dev/md50 yenyewe. Kwa ext4 ongeza noload ili jarida lisirudiwe. Btrfs ya Synology wakati mwingine hukataliwa na kerneli mpya hata ikiwa nzima. Washa Ubuntu ya zamani kama 18.04 ujaribu tena kabla ya kudhani imeharibika. QNAP nyingi za miaka ya karibuni zina LVM (mfumo wa kugawa nafasi ya safu kuwa volyumu) iliyorekebishwa ambayo Linux ya kawaida haiielewi. Kwa hizo programu ya kulipia kama UFS Explorer itakuokolea muda.

Folda iliyosimbwa haifunguki bila nywila au faili ya ufunguo iliyohifadhiwa siku ya kuiunda. Itafute sasa kwenye barua pepe na laptopu za zamani.

Faili zikionekana, zinakili kwenda diski ya pato (hapa imemauntiwa kwenye /mnt/pato) kwa mpangilio wa thamani, na usianze na folda ya muziki:

rsync -a --info=progress2 /mnt/faili/Uhasibu/ /mnt/pato/Uhasibu/

Kagua kabla ya kumpigia bosi simu

Majina ya folda si ushahidi. Faili ndogo kuliko kipande cha 64K inaweza kukaa nzima ndani ya diski moja na kufunguka vizuri hata safu ikiwa imeunganishwa vibaya. Pima kwa faili kubwa: picha za MB 10 na zaidi, zifungue kwa ukubwa kamili wala usiridhike na kijipicha, video, iruke hadi katikati na karibu na mwisho, faili za zip, zipime kwa unzip -t. Ukiona picha inaanza vizuri kisha inageuka mistari au kijivu, na ni hivyo kwa picha nyingi, umeunganisha diski isiyo yake au mpangilio si sahihi. Simamisha safu, futa tabaka, anza tena kwenye hatua ya kulinganisha Events. Nakala zako bado ni safi.

Pima pia faili za miezi tofauti. Za zamani zikifunguka na za karibuni zikavunjika, diski iliyopitwa na wakati imeingia.

Ikigoma kumaunti

Btrfs: jaribu mount -o ro,usebackuproot. Ikikataa, btrfs restore huchota faili bila kumaunti. Ianze na -D ikuonyeshe orodha tu. Usitumie btrfs check --repair. Ext4: e2fsck -b 32768 hutumia nakala ya kichwa cha mfumo wa faili, juu ya tabaka tu.

Programu za R-Studio na UFS Explorer zinaweza kuunda safu ya kufikirika kutoka kwenye zile nakala na kukuonyesha mti wa folda kabla hujalipa, kwa hiyo ona kwanza, lipa baadaye. Mwisho kabisa ni PhotoRec, ya bure, inayotafuta faili kwa alama zake za mwanzo. Inapoteza majina na folda, na video ndefu zilizotawanyika hutoka zimekatika. Iendeshe juu ya /dev/md50 au volyumu ya LVM. Kuiendesha kwenye diski moja ya RAID 5 kunakupa vigae tupu.

Wakati wa kumwachia maabara

Diski inayogonga, isiyozunguka, au iliyonuka moshi si ya terminali. Kuiweka kwenye friza kunailetea unyevu. Kubadilisha ubao wa chini na wa diski nyingine ya aina hiyohiyo hakusaidii siku hizi, kwa kuwa ubao una chipu yenye vipimo vya diski hiyo pekee. Kuifungua chumbani ni kuikaribishia vumbi.

Mpelekee fundi diski zote, hata ile ya Machi, pamoja na daftari. Muulize maswali mawili: je, unanakili kabla ya kufanya lolote, na je, data isipopatikana nalipa nini? Anayejibu la kwanza kwa kusitasita, chukua diski zako. Kama zina taarifa za wateja, andikianeni makubaliano ya usiri, kwa kuwa sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinamgusa anayezikabidhi pia.

Kabla ya kuwasha NAS upya

Diski za asili zikae kwenye mifuko yake, hazijaguswa, mpaka mwenye mali afungue kazi zake za kila mwezi na kila mteja na kukubali kwa maandishi. Safu mpya jenga kwa diski mpya.

Kununua nako kuna mitego. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6 zilitumia teknolojia ya SMR, inayoandika njia za data zikipandiana na kukwama safu inapojengwa upya. Tafuta maelezo yanayosema CMR, yaani njia zisizopandiana. Na mwanzoni mwa 2025 ziligunduliwa Seagate Exos zilizotumika zikiuzwa kama mpya, saa za SMART zikiwa zimerudishwa nyuma. Kumbukumbu ya FARM, rekodi nyingine ya matumizi iliyo ndani ya diski za Seagate, ndiyo iliyoziumbua: smartctl -l farm /dev/sdb, kwa smartmontools 7.4 na kuendelea. Ifanye kaunta ya duka kabla ya kulipa, muuzaji akikukubalia.

Weka UPS iliyounganishwa kwa USB ili NAS ijizime yenyewe, panga ukaguzi wa safu nzima kila mwezi, na barua za tahadhari ziende kwa watu wawili walio kazini, wala zisiende kwenye anwani ya fundi aliyehama. Kisha nunua diski moja ya nje ya kubeba bekapu na uichomoe kila ikimaliza.